Nairobi Inakunywa Tana, Inamwaga Athi

Katika mitaa mingi ya mashariki mwa Nairobi, siku ya mgao huanza kwa sauti. Mfereji ukifunguliwa unapumua dakika kadhaa, unatema maji ya rangi ya chai, ndipo maji yenyewe yanafika. Ukiitazama mita wakati mfereji unapumua, utaona inazunguka. Hewa iliyojaa bombani inasukumwa na maji yanayokuja nyuma yake, inapita kwenye mita na kuhesabiwa kama maji. Bili inakwenda kwa mwenye nyumba, na mpangaji ndiye anayeilipa mwishowe.

Mjadala wa maji ya jiji hili huanzia mbali na mita hiyo. Kambi moja inataka mabwawa zaidi, nyingine inataka mabomba yazibwe kwanza. Zote zina hoja nzito. Lakini bwawa, handaki na bomba hufuata kanuni ya anayeviendesha: nani afungue vali, lini, na kwa kiwango gani. Kanuni hizo ndizo adimu kuzisikia zikijadiliwa hadharani, ilhali ndizo zinazoamua nani apate maji na nani akose.

Tuanze na wanaotaka kujenga, kwa sababu hesabu iko upande wao kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 kwenye mto Thika huko Murang'a, hubeba mita za ujazo milioni 70, na kwa miaka mingi limeleta takriban asilimia 85 ya maji ya jiji. Sasumua, Ruiru na chemchemi za Kikuyu huongeza kiasi kilichobaki. Maji hupita kwenye mahandaki hadi mto Chania, husafishwa Ng'ethu, kisha hushuka kwa mteremko hadi matangi makuu ya jiji. Kabla ya nyongeza za karibuni, uwezo wa mfumo wote ulikuwa kama mita za ujazo 525,000 kwa siku, huku mahitaji yakipita 800,000. Ukigawanya milioni 70 kwa sehemu ya Ndakaini ya kila siku, takriban 446,000, unapata siku 157 kama mito isingeingiza hata tone. Mito haikauki kabisa, lakini akiba ya miezi mitano ni ndogo kwa jiji linalotegemea misimu miwili ya mvua. Mvua za vuli zikikosekana na za masika zikachelewa, hesabu imekwisha. Ndivyo mgao wa Januari 2017 ulivyoanza, na ratiba za mgao bado ziko nasi.

Bwawa la Karimenu II huko Gatundu Kaskazini, lenye mita za ujazo milioni 26.5, lilijengwa kupunguza pengo hilo. Handaki la Kaskazini nalo lina urefu wa kilomita 11.8, na limesanifiwa kuleta mita za ujazo 140,000 kwa siku kutoka mito ya Irati, Gikigie na Maragua hadi Ndakaini.

Handaki hili ndilo mfano bora wa kanuni ninazozisemea. Ahadi yake ni kuchukua maji ya mafuriko peke yake na kuuachia mto maji yake ya kawaida. Kwenye tuta la kukingia maji hilo hufanyika kwa umbo la zege: tundu la chini linapitisha maji ya mto kwanza, na yanayozidi kina fulani ndiyo yanayoingia handakini. Kwenye mchoro haina kasoro. Shida huja mto unapobeba kokoto, majani na matawi yakaziba tundu la chini. Hapo maji hupanda, mto wenye maji haba unahesabiwa kuwa mafuriko, na wakulima wa chini wanabaki na mawe makavu bila yeyote kuvunja sheria kwa kukusudia. Dawa yake ni mtu wa kusafisha tundu hilo kila baada ya mvua kubwa, na kipimo cha kina chini ya tuta chenye rekodi ambayo mkulima anaweza kuisoma. Gharama yake ni ndogo sana kuliko ile ya kuchimba mwamba. Wakazi wa Murang'a wanapodai kuonyeshwa namba hizo, wanadai kitu cha haki kabisa.

Kuna udhaifu mwingine ambao wajenzi huupita haraka. Mafuriko ya Maragua huja wakati ule ule mto Thika umefurika. Kama Ndakaini imeshajaa, handaki litaleta maji yasiyo na pa kukaa. Bila hifadhi ya ziada, mradi huu unasaidia sana katika miaka ya mvua za wastani, na unasaidia kidogo katika mwaka wa ukame, ambao ndio tunaouogopa.

Sasa wale wa kuziba mabomba. Karibu nusu ya maji yanayosafishwa kwa ajili ya Nairobi hayalipiwi. Nusu ya 525,000 ni zaidi ya 260,000 kwa siku, karibu mara mbili ya kinacholetwa na handaki. Hoja hii husikika kana kwamba imemaliza mjadala, lakini haijaumaliza. Maji yasiyolipiwa yamegawanyika: yanayovuja ardhini, yanayoibwa kwa maunganisho ya kificho, na yanayopita kwenye mita zilizochakaa au bili zilizokosewa. Uvujaji ukizibwa, maji yanarudi kwenye mfumo. Wizi ukikomeshwa, fedha zinarudi, lakini maji yale yalikuwa yanatumiwa na watu, na watu hao wataendelea kuoga na kupika. Katika mtaa wa mabanda, bomba la plastiki lililopita juu ya mtaro wa majitaka mara nyingi ndiyo huduma pekee iliyopo, na mtungi wa lita 20 unaouzwa hapo huwa ghali kwa lita kuliko maji ya mfereji wa nyumba kubwa. Anayesema tutapata mita za ujazo 260,000 kwa kuziba tu anajumlisha vitu visivyojumlishika.

Kupima uvujaji kunahitaji subira. Mtandao hukatwa katika vipande, kila kipande kikawa na mlango mmoja wenye mita, na kinachopita kinasomwa kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala. Kipande chenye nyumba 1,000 hakipaswi kutumia zaidi ya mita chache za ujazo kwa saa wakati huo, hivyo kinachozidi hapo kinavuja. Nairobi inaivuruga hesabu hii kwa njia mbili. Kwanza, matangi ya juu ya paa hujaa usiku, kwa hiyo mtiririko wa saa tisa usiku unaweza kuwa matumizi halali. Pili, mgao wenyewe. Bomba linalojazwa na kukauka mara mbili kwa wiki halina shinikizo la kudumu la kupimia. Kila linapojazwa, mapigo ya maji yanatikisa viungo na kuvipasua. Likiwa tupu hunyonya uchafu wa udongoni kupitia nyufa zile zile, na maji ya rangi ya chai yanatokana na kutu na matope yanayong'olewa kwenye kuta zake. Mgao unaofanywa kwa kufunga vali kabisa huzalisha uvujaji wa kesho. Kila inapowezekana, afadhali kushusha shinikizo na kuacha bomba limejaa. Shinikizo likipungua kwa asilimia 10, uvujaji kwa kawaida hupungua kwa kiwango kinachokaribia hicho.

Kuna jambo ambalo kambi zote mbili hulisahau. Thika, Chania na Maragua ni mito ya bonde la Tana. Ingeachwa, maji yake yangeingia bwawa la Masinga, kisha yapite mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kila mahali yakizungusha mitambo ya stima. Nairobi ikishayanywa, majitaka yake hushuka kuelekea Ruai na mto Athi, bonde jingine. Hayarudi Tana kamwe.

Je, jiji linaibia taifa umeme? Tupige hesabu. Mita moja ya ujazo ikiporomoka mita 100 hutoa takriban uniti (kilowati-saa) 0.25 za umeme. Usawa wa Masinga likijaa ni mita 1,056.5 juu ya bahari, na wa Kindaruma ni 780.5, tofauti ya mita 276 kupitia vituo vitatu vya mwanzo. Mita za ujazo 450,000 kwa siku zingetoa hapo uniti zipatazo 300,000, sawa na megawati 12 au 13 mfululizo. Gitaru peke yake ina megawati 225. Hasara ipo, lakini ni ndogo, na mitambo ya jotoardhi ya Olkaria imeshapunguza utegemezi wetu kwa mito. Sheria ya Maji ya 2016 inatanguliza matumizi ya nyumbani, na hapa naona sheria iko sawa kabisa.

Mvutano mkali zaidi uko ndani ya Masinga kwenyewe. Bwawa hili la mwaka 1981 lilijengwa kubeba mita za ujazo bilioni 1.56. Mwendesha mitambo hupenda lijae, kwa sababu anakumbuka mwaka 2009, kina kiliposhuka hadi kituo chake kikazimwa. Mkazi wa Garissa na Tana River angependa liwe na nafasi kabla ya masika, maana mwaka 2024 mabwawa ya Tana yalifurika na maji yakawafukuza watu makwao. Wengi huuliza kwa nini maji yasifunguliwe mapema. Kituo cha Masinga cha megawati 40 hupitisha takriban mita za ujazo 90 kwa sekunde kinapofanya kazi yote, yaani kama milioni 7.8 kwa siku. Kutengeneza nafasi ya milioni 100 kwa mitambo peke yake huchukua karibu siku 13, tena bila mto kuingiza chochote. Utabiri wa wiki moja unafika umechelewa. Uamuzi lazima ufanywe kwa utabiri wa msimu, ambao hukosea, na atakayeshusha bwawa kisha mvua ikakosekana atalaumiwa kwa giza. Bila kanuni ya tarehe na kina iliyokubaliwa na pande zote, kila meneja atachagua kosa lisilomfukuzisha kazi, yaani bwawa kujaa.

Masinga pia linalipa kodi ya jua. Likijaa linatanda kilomita za mraba kama 120. Katika nyanda kavu, uso wa maji hupoteza karibu mita mbili kwa mwaka kwa mvuke, yaani mita za ujazo milioni 240, au takriban 650,000 kwa siku. Mvua inayonyesha juu ya ziwa hurudisha sehemu, na ziwa huwa dogo kiangazi, lakini hata ukikata nusu, kinachobaki ni zaidi ya nusu ya uwezo ule wa Nairobi. Ndiyo maana mabwawa membamba na yenye kina, kwenye milima yenye baridi kama Ndakaini, yana maana. Chini, Kitui na Makueni, mabwawa ya mchanga hukwepa mvuke kwa kuhifadhi maji kati ya punje, ingawa mchanga hubeba maji kwa robo hadi theluthi tu ya ujazo wake na hauwezi kulisha mji mkubwa.

Tope ndilo adui anayekuja polepole. Udongo wa miteremko ya chai na mahindi umeingia Masinga kwa kasi kuliko ilivyotarajiwa. Matuta na mistari ya nyasi ya nepia huzuia mengi, kwa sharti kwamba mkulima apate malisho ya ng'ombe kutokana na nyasi hiyo. Asipofaidika, ataing'oa.

Na majitaka yetu? Yanashuka Athi kuelekea Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, ambako bwawa la mita za ujazo milioni 688 lilianza kujengwa mwaka 2018 kwa ajili ya maji ya kunywa, kilimo na megawati 20 za umeme. Mto Athi hubeba sabuni na kinyesi cha jiji pamoja na kemikali za viwanda. Maji yaliyosimama yenye mbolea nyingi kiasi hicho, chini ya jua la Makueni, huota mwani wa kijani. Mwani huziba vichujio, na aina nyingine za mwani hutoa sumu ambayo kuchemsha maji hakuiondoi. Fedha za kukarabati mabwawa ya majitaka ya Ruai na kuunganisha mitaa kwenye mabomba yake zilipaswa kuwa kwenye bajeti moja na ukuta wa Thwake, kwa sababu mtoto wa mji wa Wote, huko Makueni, atakayekunywa maji hayo anategemea vali zinazofunguliwa kwenye mtambo wa majitaka wa Dandora, huko huko Ruai.