Nani Amsaidie Askari wa Zamani Kudai Mafao Yake?

Sheria ya Marekani inataka kila anayemwandalia askari wa zamani dai la mafao awe ameidhinishwa na Idara ya Masuala ya Maveterani, na inakataza kumtoza ada kwa dai lake la kwanza. Hata hivyo, zipo kampuni zisizo na idhini zinazotoza maelfu ya dola kwa kazi hiyo, tena hadharani, kwa kuwa mwaka 2006 Bunge liliondoa adhabu ya jinai iliyokuwa ikiwakabili wanaokiuka katazo hilo. Sasa wapo wanaotaka adhabu irudishwe, na wapo wanaotaka kampuni hizo zihalalishwe kwa kuwekewa ukomo wa ada.

Hoja ya hawa wa pili si ya kupuuzwa. Vyama vya maveterani kama American Legion na Disabled American Veterans (DAV) husaidia bila malipo, lakini maofisa wao wana mafaili mengi mno, na mzigo uliongezeka baada ya sheria ya PACT ya Agosti 2022 kuwafungulia mlango waliougua kutokana na moshi wa mashimo ya kuchomea taka huko Iraki na Afghanistan. Zaidi ya hayo, wakili aliyeidhinishwa huruhusiwa kulipwa baada ya uamuzi wa kwanza kutolewa, mara nyingi asilimia 20 ya malimbikizo ya mafao. Kwa hiyo sheria inaruhusu msaada wa kulipia pale kosa linapokuwa limeshatokea, lakini inaukataza pale ambapo ungeweza kulizuia. Pingamizi hilo lina uzito, na wanaotetea katazo hawajalijibu vya kutosha.

Lakini tuitazame kazi yenyewe. Dai la fidia ya ulemavu husimama juu ya mambo matatu: maradhi yaliyopo sasa, tukio la wakati wa utumishi, na uhusiano kati ya hayo mawili. Mchukulie mpiga mizinga ambaye masikio yake yamekuwa yakivuma kwa miaka mingi, ila hakuwahi kwenda zahanati ya kambi, hivyo faili lake la matibabu halina neno. Msaidizi anayeijua kazi hatamkatisha tamaa. Atachukua cheti cha kuachiwa jeshi, DD-214, kinachoonyesha kazi aliyoifanya, atamsaidia kuandika maelezo yake na kupata ya mwenzake waliyekuwa naye, kisha atatafuta maoni ya daktari kwamba uwezekano wa uhusiano huo haupungui nusu. Nusu inatosha, kwa sababu ushahidi unapolingana pande zote mbili, sheria humpa askari faida ya shaka. Ujuzi huo una thamani kubwa, hasa kwa wazee ambao kumbukumbu zao ziliteketea katika moto wa Julai 1973 kwenye kituo cha kumbukumbu za jeshi huko St. Louis, ulioangamiza mafaili kati ya milioni 16 na 18.

Kinachonitia wasiwasi ni namna ujuzi huo unavyouzwa. Ada inayotajwa mara kwa mara ni mara tano ya nyongeza ya malipo ya mwezi, kwa maana kwamba aliyeongezewa dola 1,000 hulipa dola 5,000, hata kama maradhi yake yamo tayari katika orodha ya yale ambayo Idara huyahesabu moja kwa moja kuwa yametokana na utumishi. Malipo hufuata kiwango cha ulemavu, na ada ikiyafuata malipo, kampuni hunufaika kwa kukipandisha kiwango hicho, lakini kwa kuwa haina idhini, haiwezi kumwakilisha mteja mbele ya Idara. Anayetia saini ni askari, na maelezo yakibainika kuwa yametiwa chumvi, anayeulizwa ni yeye.

Ndiyo maana naunga mkono adhabu irudishwe, ingawa peke yake haitapunguza foleni. Fedha za kuajiri maofisa zaidi katika kaunti ni za lazima. Ada ya dai la kwanza ningeikubali tu kama anayetoza ameidhinishwa, anaweza kufutiwa idhini anapokosea, na hulipwa kwa kazi aliyoifanya badala ya kiwango kilichopatikana. Kwa sasa, askari anayeombwa kutia saini mkataba anaweza kutafuta bure jina la msaidizi huyo katika orodha ya Idara ya walioidhinishwa, na kuwasilisha mapema taarifa ya nia ya kudai, ambayo humlindia tarehe ya kuanza malipo kwa mwaka mzima huku akitafuta ofisa wa kumsaidia.