Ndoo Nyumbani

Nilihamia Mombasa nikiwa na miaka 39, masanduku mawili, godoro, na imani kwamba pwani mtu hakosi rafiki. Kila niliyemuaga Eldoret aliniambia hivyo. "Watu wa Mombasa ni wakarimu sana," walisema, na hilo silikatai hata leo. Hawakuniambia tu kwamba ukarimu huo una lugha yake.

Nilikuja kuhesabu magunia katika ghala moja Shimanzi. Nikapanga chumba Makadara, ghorofa ya pili, na mwezi mzima wa kwanza aliyekuwa akinijibu ni pangaboi. Nikisema "leo nimechoka," linasema kwii-kwii-kwii. Nikinyamaza, linaendelea lenyewe. Siku niliyojikuta nalitafutia jina ndiyo siku niliyojiogopa.

Shida ni kwamba marafiki zangu wote wa zamani sikuwatafuta, niliwekewa. Mmoja mwalimu alimkalisha nami dawati moja mwaka 1994, na mpaka leo nikifiwa ndiye wa kwanza kupiga simu. Mwingine alilala kitanda cha juu bwenini, mimi cha chini, basi, tukawa ndugu. Sasa ukiwa mtu mzima nani atakukalisha dawati? Unasimama tu mlangoni mwa mji na kitambi chako.

Nilijaribu. Nilijiunga na watu wanaokimbia alfajiri kule Mama Ngina. Sikuwahi kuwajua kwa nyuso, niliwajua kwa migongo. Kanisani nilipeana mikono na watu wapatao mia, kila mmoja akasema "amani iwe nawe," kisha kila mmoja akakimbilia matatu yake. Halafu kuna lile la jirani, ambalo nisingelisema kama lisingekuwa linahusika.

Jirani wa chini huacha mlango wazi asubuhi. Siku moja nikapita wamekaa mkekani, baba, mama na watoto watatu, mbele yao mahamri na mbaazi za nazi. Baba akasema, "Karibu!" Kwetu mtu akikukaribisha chai ukapita, umemtukana yeye na ng'ombe wake. Nikavua viatu, nikaketi. Nilipofika hamri la tatu, nikamwona mtoto mdogo ananitazama vile mtu anavyotazama basi lililomwacha. Kazini ndiyo nikaelezwa: ukikuta watu wanakula ukaambiwa karibu, jibu ni "starehe," na unaendelea na safari yako. Kwa wiki mbili nikawa natoka nyumbani kwa kunyata.

Ndipo nikagundua kahawa.

Jioni nikitoka kazini nilikuwa nashukia karibu na Fort Jesus, napita Ndia Kuu, naingia vichochoro vya Mji wa Kale. Kila jioni nikisoma kibao cha Ndia Kuu nilijiambia aliyekiandika alikosea, alitaka kuandika Njia, na mji mzima umemwonea haya kumsahihisha. Naomba msomaji aikumbuke hiyo busara yangu.

Katika kichochoro kimoja kulikuwa na baraza ya mawe, mzee wa kahawa na dele lake juu ya makaa, na wanaume wanne wanapigisha dhumna kwa nguvu ya kuvunja meza. Nikanunua kikombe, nikasimama. Kesho yake nikanunua tena. Kwa wiki tatu kazi yangu pale ilikuwa kunywa kahawa chungu na kusema "eeh." Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani, lakini siku ya kumi hivi mtu alisogea kidogo kwenye baraza, pakabaki nafasi ya tako moja. Nikalikalisha.

Mkubwa wa pale alikuwa mzee mmoja aliyestaafu bandarini, kila mtu akimwita Ami, nami nikamwita hivyo hivyo. Ami alipenda mambo matatu: dhumna, mashairi ya Muyaka bin Haji, na kulaumu. Jioni moja mchezaji wa nne hakutokea. Ami akanitazama juu ya miwani.

"Wewe mtu wa bara. Dhumna waiyua?"

Nikasema naijua. Sikuijua. Nilimfungia njia mwenzangu mara tatu, na mwenzangu alikuwa ni yeye Ami. Lakini usiku ule nilipofika chumbani pangaboi lilizungumza peke yake. Sikuwa na haja nalo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojimaliza.

Ilikuwa Alhamisi. Wiki hiyo mifereji ya mtaa mzima ilikuwa mikavu. Maji ya Mombasa hutoka mbali, mengine yanashuka kutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, na siku yakichoka njiani mji unaishi kwa mikokoteni ya madumu. Pale barazani mazungumzo yalikuwa ni maji tu: nani kapata, nani kanunua dumu kwa bei gani, nani kaoga na nani asogee mbali kidogo. Nilipokuwa naaga, Ami akanishika mkono.

"Jumapili kuna jambo letu," akasema. "Adhuhuri. Ndoo nyumbani. Usisahau."

Ndoo nyumbani. Moyo ukanidunda. Nimealikwa! Lakini kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu, sipendi kufanya kitu bila vipimo.

"Kubwa, Ami?"

"Kubwa, alhamdulillahi! Watu hawapungui arubaini."

Niliondoka pale natembea juu juu. Watu arubaini, ndoo kubwa, na mtaa hauna maji. Mtu yeyote aliyekulia bara angekata shauri lile lile: hii ni harambee. Tunakwenda kujaza tangi la mzee, au tunausafisha msikiti, au vyote viwili. Na nani asiyejua kwamba urafiki wa kweli huanzia kwenye kazi ya mikono?

Jumamosi nikaenda Marikiti. Nikachagua ndoo nyekundu ya lita 20, yenye mfuniko, shilingi 350. Muuzaji alinipa na nyingine ya bluu niione, nikamwambia hapana, nataka itakayoonekana kati ya ndoo 40. Nikanunua na kalamu ya wino mzito, nikaandika jina langu ubavuni kwa herufi kubwa, kama tulivyokuwa tukifanya bwenini.

Jumapili saa sita kamili nikawa mlangoni kwa Ami. Nimevaa suruali ya kupakia rangi, fulana ya kampeni ya miaka mingi iliyopita, na gambuti. Ndoo mkononi. Nikasikia harufu ya pilau nikasema moyoni: Ami mzee mwema, anawapikia wafanyakazi.

Mlango ukafunguliwa na mama mmoja amejifunga leso, jasho linamtiririka. Akanitazama usoni, akaitazama ndoo, akayatazama magambuti, akainua mikono juu.

"Afadhali umekuja! Pita uwani, maji yashakwisha."

Umeona? Nilikuwa nangojewa.

Uwani kulikuwa na masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake, mpishi mwenye mwiko mrefu kama kasia, na vijana watatu wanakata nyanya za kachumbari. Pembeni palikuwa na kisima, maji yake ya chumvichumvi, ya kuoshea vyombo tu. Nikasalimia kwa sauti ya harambee, "Hamjambo wananchi!" wakaitikia kwa mshangao kidogo, nikatupa kamba kisimani nikaanza.

Sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna ile. Niliteka maji, nikaosha masinia, nikasugua sufuria moja mpaka mpishi akaniuliza kama naitafutia mume. Niliwafundisha vijana wale kuimba "harambee" wakati wa kuvuta kamba. Waliimba, ila walikuwa wanaangaliana na kuangua vicheko, nikadhani ni furaha ya umoja. Kila baada ya muda nilitazama mlangoni kuona kama wale wenzangu 39 wamefika na ndoo zao. Hawakuja. Nikasema kimoyomoyo, watu wa mji huu maneno matamu, lakini kazi ikifika wako wapi?

Kumbe walikuwa mbele. Sala ya adhuhuri ilikuwa imekwisha, wametandika mikeka kichochoro kizima, kanzu nyeupe, kofia za vito, harufu ya udi. Mjukuu wa Ami alikuwa ameoa, na ile ilikuwa walima. Na Ami, nilikuja kuambiwa baadaye, alikuwa amekataa sinia lisitolewe, anasimama kila mara kutazama mwisho wa kichochoro, anasema, "Ngojeni. Nina mgeni wangu, mtu wa bara, mtu wa maana sana. Ni mhasibu."

Mgeni wa maana sana wakati huo alikuwa na povu mpaka viwikoni.

Vile vicheko vya vijana vikamfikia. Akaja uwani na kanzu yake na bakora, amekunja uso.

"Mwateka n'ni huku?"

Nikageuka, nikamwona, nikanyooka kama askari. Swali nilikuwa nalo jibu lake, nilikuwa nimehesabu.

"Tumeteka kumi na mbili, Ami! Hii ni ya kumi na tatu."

Mpishi alikaa chini. Kijana mmoja alitoka mbio na kisu chake cha nyanya, tukamsikia anacheka mpaka barabarani. Maana kwa Kimvita, lugha ya Ami na wazee wake, *kuteka* ni kucheka. Mzee aliuliza mnacheka nini, mimi nikamjibu tumecheka kumi na mbili na hiki ni cha kumi na tatu.

Ami hakucheka. Alinitazama kwa muda, kisha akaitazama ndoo, akasoma jina langu ubavuni, herufi moja baada ya nyingine.

"Hii nayo ni ya n'ni?"

"Uliniambia nije nayo, Ami. Alhamisi. Ndoo nyumbani."

Kukawa kimya. Moto wa kuni ukalia. Nikaona kitu kinaanza kwenye ndevu za mzee, kama upepo unavyoanza kwenye mnazi, polepole, kisha mnazi mzima.

"Nalikwambia ndoo! *Ndoo*! Yaani uye! Njoo, kwa Kiswahili chenu cha skuli! Njoo nyumbani!"

Hapo ndipo Ndia Kuu iliponijia kichwani, na kibao chake, na busara yangu.

Nilitaka kuingia kisimani. Hawakuniacha. Walinivua fulana ya kampeni, wakanitawadhisha kama maharusi, wakanivika kanzu ya Ami. Ami ni mfupi. Kanzu iliyomfika yeye kwenye vifundo ilinifika mimi chini kidogo ya magoti, na kwa vile nimekulia milimani, miguu yangu si ya kuonyeshwa hadharani. Nikapitishwa mbele ya watu 40 ambao wote, bila shaka yoyote, habari walikuwa nayo. Nikakalishwa sinia moja na Ami, bwana harusi na baba yake. Yule jirani yangu wa mahamri alikuwa sinia la pili. "Karibu," akaniambia, na macho yake yakicheka. Nikamjibu "starehe," na hilo nalo likawa kosa, kwa sababu safari hii alikuwa ananikaribisha kweli.

Katikati ya pilau Ami akatangaza kwamba mimi sina hatia.

"Kosa ni la mwaka 1928," akasema. "Wakoloni walikuja kukaa hapa hapa Mombasa, mjini kwetu, kuchagua Kiswahili cha kufundishia. Wakachagua cha Unguja! Wako Mvita, wachagua Unguja! Lau walichagua Kimvita, huyu angekuwa amekaa hapa tangu saa sita, hana povu."

Wazee wakaafiki kwa vichwa. Nilivyoona, hasira hiyo haikuwa mpya, ila siku hiyo ilipata ushahidi. Kijana mmoja wa kidato akauliza kwa adabu, "Basi Ami, mkitaka mtu aje na ndoo kweli, mwasemaje?"

Ami hakufikiri hata kidogo.

"Ndoo na ndoo."

Watu waliokuwa na pilau mdomoni walipata taabu.

Ndoo yangu sikurudi nayo. Mke wa Ami aliipenda, na sasa kila shughuli ya ukoo ndiyo inayobeba sharubati ya ukwaju, jina langu ubavuni likizunguka mbele ya wageni nisiowajua. Kubadilishana kukawa kwa haki: ndoo ina jina langu, na mimi nina jina lake. Mji wa Kale wote hakuna anayeniita vingine. Muuza kahawa, watoto wa madrasa, hata dereva mmoja wa tuktuk ambaye naapa sijawahi kumwona: "Ndoo, vipi?" Shwari tu.

Juzi jioni nilichelewa kutoka Shimanzi. Nilipokata kona ya kichochoro, meza ya dhumna ilikuwa tayari na kiti kimoja kitupu. Pembeni, amesimama na kikombe mkononi, kulikuwa na kijana mgeni, shati limechomekwa vizuri, ana sura ya mtu anayezungumza na pangaboi. Ami akaniona, akapaza sauti.

"Ndoo! Ndoo!"

Yule kijana akatazama kushoto, akatazama kulia, akaweka kikombe chini haraka.

"Mbili, mzee?" akasema. "Nizilete kutoka wapi?"

Nikamsogezea nafasi barazani.