Mswaki uingie darasani

Mnyanyue mtoto mdomo wa juu, mgeuzie penye mwanga, uangalie pale jino linapokutana na ufizi. Ukiona mstari mweupe uliopauka kama chaki, kuoza kumeshaanza. Tundu bado, maumivu bado, na jino hilo linaweza kuokolewa kwa dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayolikinga jino lisioze, na kwa kumpunguzia sukari. Ukiliacha, weupe hugeuka kahawia, ukahawia ukawa tundu, na tundu likaleta usiku wa kilio.

Wengi wetu huamka kwenye kilio. Mtoto anatafuna upande mmoja, shavu limevimba, mbio kwenda kung'oa. Na tunafarijiana: "Ni la utotoni tu, litaota jingine." Kauli hii inaniuma. Jino la utotoni ndilo linalolishikia nafasi la ukubwani. Tena gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa, kwenye miaka 6 hivi, bila jino lolote kung'oka. Mzazi hudhani ni la utotoni, likaoza mdomoni mwa mtoto ambaye angekaa nalo hadi uzeeni.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kuwa watoto zaidi ya milioni 500 wana meno ya utotoni yaliyooza. Kwa idadi hiyo, tuache kuwalaumu akina mama. Hili ni jambo la serikali, kama chanjo.

Uskoti walilichukua hivyo. Kupitia mpango wa Childsmile, watoto wa chekechea hupiga mswaki kila siku wakisimamiwa, na wa maeneo maskini hupakwa pia floraidi kwenye meno mara mbili kwa mwaka. Mwaka 2003, wanaoanza shule bila kuoza meno kunakoonekana walikuwa 45 kati ya 100; kufikia 2020 walipita 70. Na fedha iliyookolewa kwenye matibabu ikazidi ile ya kuendesha upigaji mswaki.

Siri ni "kila siku". Kumleta daktari wa meno shuleni mara moja kwa mwaka, na mabango yake, hakutoshi. Mwalimu aweke dawa kiasi cha punje ya njegere, watoto wasugue pamoja, wateme, wasisukutue. Hili la kutosukutua hata sisi wakubwa hutushinda, ilhali maji ndiyo yanayoondoa floraidi tuliyotaka ibaki.

Kwa hiyo bajeti ya afya ikisomwa, mimi nitatafuta humo miswaki ya chekechea kabla ya viti vya kung'olea.