Stesheni ya kale ya Tabora: makumbusho, kiwanja au kazi?

SGR, reli mpya ya kisasa, inasogea Tabora. Kipande cha kutoka Makutupora kina kilomita 368, cha kwenda Kigoma kina 506, na kingine kinaelekea Isaka. Reli mpya inakuja na stesheni yake, kwa hiyo suala la stesheni ya kale, iliyopo tangu reli ya Wajerumani ilipofika hapa mwaka 1912, haliwezi kuahirishwa tena. Wapo wanaotaka jengo hilo lifungwe liwe makumbusho. Wapo wanaoliona kama alama ya mkoloni iliyokalia kiwanja kizuri, wakati mji unakua na una mahitaji mengine. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinatazama kuta na kuisahau shughuli inayofanyika ndani yake.

Nianze na wanaolikataa, maana hoja yao ina uzito kuliko watetezi wa majengo ya kale wanavyokubali. Tabora haikuanzishwa na Wajerumani. Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walipofika mwaka 1857 walikuta Kazeh, kituo cha misafara chenye wafanyabiashara wa Kiarabu, ndani ya nchi ya watemi wa Unyanyembe. Mtemi Isike alipambana na Wajerumani hadi Januari 1893, na ngome yake ilipozidiwa akaiwasha baruti kuliko kukamatwa akiwa mzima. Boma la Wajerumani tunaliona hadi leo. Ngome ya Isike tunasimuliwa tu. Anayehoji kwa nini fedha ya umma ikarabati kuta za mshindi ana haki ya kujibiwa.

Jibu langu ni kwamba stesheni si Boma. Reli ile ilitandazwa kwa mikono ya vibarua, Wanyamwezi wakiwa wengi miongoni mwao, watu wa kabila lililokuwa likibeba pembe za ndovu mabegani kwa miguu mpaka Bagamoyo. Treni iliua upagazi, kisha ikazaa ajira nyingine: mafundi wa karakana, wapanga njia, makarani wa tiketi, madereva. Chuo cha reli kiko papa hapa mjini. Mwaka 1916, Wajerumani walipobanwa na vita na kukatiwa njia ya bahari, karakana ya reli ya Tabora ndiyo iliyogonga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, 16,198 kwa jumla, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauteka mji. Sarafu hizo leo zinagombewa kwa bei kubwa na wakusanyaji wa ng'ambo, na ningependa kila mtoto anayesoma Tabora ajue kuwa zilitoka kwenye karakana ya mji wake.

Sasa tuje kwa wanaotaka makumbusho. Nia yao ni njema, lakini Tabora tayari ina makumbusho, Tembe la Livingstone kule Kwihara, alikokaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi mpaka Agosti. Lilijengwa upya, linatunzwa, na ni mahali pa kwenda. Ila wageni ni wa kuhesabu, na jengo la namna hiyo huishi kwa kutegemea bajeti ya kila mwaka. Linganisha na hoteli ya zamani ya Wajerumani, ambayo leo ni Orion: bado inalaza wageni. Linganisha na Tabora Boys alikosoma Nyerere: bado inafundisha. Paa la hoteli likivuja mgeni anahama, hivyo linazibwa upesi.

Stesheni nayo ina wateja wa aina hiyo. Treni ya Dar es Salaam ikiingia, mabehewa hukatwa na kupangwa upya: haya ya Kigoma, haya ya Mwanza, haya ya Mpanda. Kichwa kinakwenda na kurudi, mabehewa yanagongana, abiria wanashuka kunyoosha miguu. Kusubiri kule ndiko riziki ya watu. Kuna wali, chai, karanga, na zaidi ya yote asali, imejazwa kwenye chupa za maji. Mnunuzi anayejua mambo haulizi bei kwanza. Anainua chupa kwenye mwanga, anaigeuza kichwa chini na kutazama kiputo cha hewa kinavyopanda. Kikipanda haraka, asali ni nyepesi, anairudisha.

SGR haitaleta kusubiri huko. Stesheni zake zina maduka ya kupangisha, na mchuuzi mwenye ndoo haingii jukwaani. Sipingi reli hiyo: mfanyabiashara wa Tabora anastahili kufika Dar bila kulala njiani. Nasema tu kwamba mji huu umeshaona kazi ikiuhama. Tumbaku yetu imekuwa ikipakiwa kwenda kusindikwa Morogoro miaka nenda rudi. Kiwanda cha nyuzi kilibinafsishwa, kisha kikasimama.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuipuuza: matumizi huharibu. Fundi anayeitwa haraka hupiga saruji juu ya ukuta wa chokaa, unyevu unabaki ndani, na baada ya masika machache plasta inabanduka pamoja na ukuta wenyewe. Watu wa makumbusho wana haki ya kuogopa hilo. Dawa yake ni masharti ya ukarabati, na kulifunga jengo si lazima.

Ningependa treni za reli ya zamani ziendelee kuitumia stesheni hii kadiri zitakavyokuwepo, chumba kimoja kitengwe kwa habari za Isike, wapagazi na sarafu za tembo, na wauza asali wapewe meza na kivuli mahali penye ushuru unaojulikana. Jengo ni la Shirika la Reli, wauzaji wako chini ya manispaa, na Idara ya Mambo ya Kale ina sheria yake tangu 1964. Wote watatu wakae sasa, wakati jukwaa bado lina abiria na wauzaji wa kuulizwa wanataka nini.