Usiulize "close" ni nini kwa Kiaislandi, uliza kinafungwa nini

Mwezi wa kwanza nilipoanza kazi kwenye jiko la hoteli moja hapa Reykjavík, mji mkuu wa Aislandi, mlango wa nyuma, ule wa kutolea takataka, ulikuwa na karatasi ya Kiingereza inayosema mlango ufungwe muda wote. Karatasi imelowa, imechanika, nusu ya maneno hayasomeki. Na huo mlango ukiachwa wazi Januari ni balaa, upepo unaingia mpaka kwenye unga. Nikasema ngoja niandike mpya, tena kwa Kiaislandi, maana nilikuwa nimeshaanza darasa la jioni na kamusi ninayo kwenye simu. Nikatafuta "close", ikaniambia loka. Nikatafuta "door", ikaniambia hurð. Nikaandika, nikabandika, nikarudi kwenye masufuria yangu.

Baada ya saa moja hivi mama mmoja mtu mzima, mwokaji wa mikate, akasimama mbele ya ile karatasi, akatoa kalamu mfukoni, akasahihisha taratibu bila kunicheka, ikawa "Lokið hurðinni". Akaniita, "elskan mín", ambayo ni kama kusema kipenzi changu, akanionyesha kwa mkono kabisa. Akafungua mlango: opna hurðina. Akaufunga: loka hurðinni. Akarudia tena, hurðina, hurðinni, hurðina, hurðinni, baridi lote linatupiga usoni na yeye hana habari.

Yaani mlango ni uleule, mbao zilezile, lakini ukiufungua jina lake linapata mkia mmoja na ukiufunga linapata mkia mwingine. Dirisha hivyohivyo, opna gluggann, loka glugganum. Sisi Waswahili mambo yetu tunayaweka mbele ya neno, m- na ki- na u-, wenzetu wanayaweka nyuma, na kila kitenzi kina mkia wake kinaoutaka. Kamusi ya Kiingereza haikuambii hilo mwanzoni, inakupa neno moja kwa neno moja kama mtu anayekubadilishia hela, halafu inakuacha.

Ndo maana naandika haya. Nimeshakaa hapa miaka ya kutosha, nimeshasaidia wenzangu kadhaa wanaoongea Kiswahili, wa Bongo, wa Kenya, wawili wa Kongo, kuandika barua na kusoma matangazo, na kila mara nakuta tatizo ni lilelile, tunapitia Kiingereza. Mtu ana wazo lake la Kiswahili, analigeuza kwanza kuwa Kiingereza, halafu lile la Kiingereza ndo analipeleka kwenye Kiaislandi, na njiani limeshapoteza nusu ya maana. Na kinachoniuma ni kwamba mara nyingi sana Kiswahili na Kiaislandi vinakubaliana kabisa, ni huyo wa katikati ndo anawagombanisha.

Chukua sentensi moja ya Kiingereza, "the door was closed". Ina maana gani? Kuna mtu kaufunga mlango mbele yangu, au nilifika nikaukuta umefungwa? Kiingereza hakisemi, unabahatisha kwa mazingira. Sasa kwa Kiaislandi ukisema hurðinni var lokað, hapo kuna tendo, mtu kaufunga. Ukisema hurðin var lokuð, hiyo ni hali, ulikuwa umefungwa tu. Na ukisema hurðin lokaðist, umejifunga wenyewe, labda upepo. Mwalimu alipoanza kutufundisha hayo darasani alihangaika sana kuyaeleza kwa Kiingereza, akachora mishale ubaoni, watu wanakuna vichwa, mi nikaandika kwenye daftari: mlango ulifungwa, mlango ulikuwa umefungwa, mlango ulijifunga. Basi. Mistari mitatu nikawa nimemaliza somo la wiki nzima, kwa sababu hiyo tofauti nimezaliwa nayo, mama yangu amenifundisha kabla sijajua kusoma.

Halafu njoo kwenye kuzima. Kiingereza kompyuta "una-shut down", taa "una-turn off", moto "una-put out", kila kitu na neno lake. Kiaislandi wana slökkva. Slökkva eld ni moto, slökkva á ljósinu ni taa, slökkva á tölvunni ni kompyuta. Sisi? Zima moto, zima taa, zima kompyuta. Kuwasha nako hivyohivyo, wao kveikja, sisi washa, kuanzia jiko mpaka simu. Na gari jekundu la kuzima moto linapopita mtaani, kikosi chake kinaitwa slökkvilið, yaani kikosi cha kuzima, sasa ukilinganisha na zimamoto yetu si mapacha hao? Siku nilipoligundua hilo nilikuwa kwenye basi nikashuka kituo sicho kwa furaha. Sasa mwenzangu ambaye alikuwa amekariri kwamba "shut" ni loka, alikuwa anamwambia mkubwa wake kazini kwamba "ameifungia" kompyuta kila jioni, na mkubwa anabaki anajiuliza ameifungia wapi, kabatini? Angetoka kwenye Kiswahili chake moja kwa moja asingekosea.

Macho je. Kwa Kiswahili macho hayafungwi, yanafumbwa, na ukifumba unafumbua, kama ambavyo ukiziba unazibua na ukifunga unafungua. Kwetu kufungua kunazaliwa ndani ya kufunga kwenyewe, unaongeza kisauti kimoja tu. Kiaislandi hapa si matajiri kama sisi, macho mara nyingi wanasema loka augunum, neno lilelile la mlango. Lakini kwenye mlango wenyewe tunarudi kuwa sawa. Kubamiza wana skella hurðinni. Kupiga kufuli wana læsa. Na kuna ile ya kuuegesha mlango, haujafungwa sawasawa na haupo wazi, mtoto amelala hutaki kelele, wao wanasema halla aftur hurðinni, na hiyo halla ndani yake ni kuinamisha, kuegemeza. Sasa ukimuuliza mtu neno la Kiingereza la kuegesha mlango atakupa sentensi nzima. Mimi na yule mama mwokaji tuna neno mojamoja tu na tumeelewana.

Kunyamazisha mtu pia uwe makini jamani. Usichukue "shut up" ukaifanya loka, hakuna anayesema hivyo. Lokaðu munninum ni ya daktari wa meno, kwetu ni fumba mdomo. Mtu mzima akichoka na mtoto anasema þegiðu, nyamaza. Na ile ya ugomvi, haltu kjafti, kjaftur ni mdomo wa mnyama, hiyo iko sawa na sisi tunavyosema domo au funga bakuli lako, usiitumie kazini hata kama umeisikia kazini. By the way hizo herufi zao zinazotisha wageni, þ na ð, sisi wala zisitutishe, þ ni ile th ya themanini na ð ni dh ya dhahabu, nimewaona watu wa mataifa mengine wanateseka nazo muhula mzima na sisi tunazo tangu chekechea.

Narudi kwenye ile karatasi yangu, maana lile neno lokið lilinisumbua kwa wiki kadhaa. Kwenye mlango ni amri kwa watu wengi, fungeni. Halafu nikaliona kwenye kompyuta ya oda, chakula kimeshatoka, imeandikwa lokið, yaani imekwisha, hilo linatoka kwenye kitenzi kingine, ljúka, kumaliza. Halafu mpishi ananiambia nimpe lokið, anataka mfuniko wa sufuria! Mfuniko ni lok, na lok ukilisema kwa wingi ni mwisho wa kitu. Zamani pwani ya kusini msimu wa uvuvi wa majira ya baridi ulikuwa unakwisha tarehe 11 Mei na siku hiyo inaitwa lokadagur, siku ya kufunga. Kufunga, kufunika na kumaliza vyote viko kwenye ukoo mmoja. Ufunguo wao, lykill, nao umo humohumo, kama ufunguo wetu ulivyo ndani ya kufungua.

Na cha kushangaza hata Kiingereza kimo kwenye huo ukoo ila kimesahau. Lile neno lao "lock" ni ndugu wa damu wa loka. "Close" walilichukua kwa Wafaransa, asili yake Kilatini. Na "shut" zamani ilikuwa ni kusukuma komeo, ni ndugu wa "shoot", kurusha, unalirusha komeo lipite. Waingereza wenyewe leo hawalisikii tena hilo komeo. Kwa Waaislandi bado lipo hai kabisa, kitu kikiwa bado kinawezekana wanasema ekki loku fyrir það skotið, komeo halijarushwa mbele yake. Nilisikia hiyo sentensi mara ya kwanza nilipoomba likizo ya Desemba, nikajua nimekataliwa kwa sababu nilisikia ekki, hapana, kumbe nilikuwa naambiwa tuone, haijashindikana.

Kuna siku hii habari ya kupitia Kiingereza ilitugharimu. Tulikuwa wanne tunataka kwenda mashariki, barabara inapanda nyanda za juu za Hellisheiði, na theluji imeanguka usiku kucha. Nikamuuliza mtu wa kazini, akaangalia taarifa ya Vegagerðin, hao ndo wakala wa barabara, akasema ófært. Mi kichwani nikaweka "closed", nikawaambia wenzangu imefungwa. Wakaanza, nani kafunga, si watafungua saa sita, twende tukasubiri pale chini. Tukaenda. Tukakaa kwenye gari masaa matatu tunakula biskuti, mmoja ana mtoto mchanga nyumbani, ana wasiwasi, na hakuna geti, hakuna polisi, hakuna wa kufungua chochote. Ófært maana yake haipitiki. Hakuna aliyeifunga. Lokað ni pale wahusika wanapoweka kizuizi na kusema marufuku. Kiswahili kinalo hilo neno tayari, haipitiki, na ningelisema asubuhi ile tungebaki nyumbani tukapika.

Kwa hiyo mimi ombi langu kwa wanaotufundisha, na nimeshamwambia mwalimu wangu uso kwa uso, wasidhani kila mgeni kichwani ana Kiingereza. Tupeni picha, tupeni mlango wenyewe kama yule mama alivyonipa, halafu mtuache kila mtu aandike pembeni kwa lugha ya nyumbani kwao. Na nyinyi wenzangu mnaotafsiri, iwe ni vibandiko vya jikoni au programu za simu, acheni kuuliza neno hili kwa Kiaislandi ni nini. Uliza kinafungwa nini. Dirisha la kwenye kioo cha kompyuta, loka. Kompyuta yenyewe, slökkva. Ofisi inayofutwa kabisa haifungwi, inalazwa chini, leggja niður. Benki kubwa tatu za hapa zilizoanguka Oktoba 2008 hutasikia mtu anasema zilifungwa, wanasema hrunið, mporomoko, na ukitafsiri kwa "kufunga" umewakosea watu waliopoteza nyumba zao.

Mkutano nao haufungwi kwa komeo. Mwisho wa muhtasari wanaandika fundi slitið, mkutano umekatwa, kitenzi slíta ni kama uzi unavyokatika. Simu pia wana slíta símtali, kukata mazungumzo, na hapo sasa sikilizeni vizuri, sími, simu yao, ni neno la kale lililokuwa na maana ya uzi, walilifufua simu zilipoingia badala ya kuazima. Kwa hiyo wao wanakata uzi na sisi tunakata simu, na maneno yenyewe, sími na simu, yamefanana kwa bahati tu maana letu limetoka Uajemi. Sijawahi kulieleza hili kwa Mwaislandi asifurahi.

Kwenye daftari langu sasa nimeacha mtindo wa safu mbili, Kiingereza huku na Kiaislandi kule. Nina ukurasa wa mlango, ukurasa wa moto, ukurasa wa mdomo, ukurasa wa barabara. Wiki iliyopita nimefungua wa mwezi wa Ramadhani, baada ya yule mama mwokaji kuniuliza kwa nini siku hizi sionji supu. Nikamwambia nafunga. Nilitaka kumpa neno nikakumbuka lao ni fasta, na mlango uliokwama wao wanasema hurðin er föst, kwa hiyo fasta nayo ndani yake ni kushika imara, kukaza, kama sisi tunavyofunga kamba na kufunga saumu kwa kitenzi kimoja. Nikamwelezea hivyo. Akafikiri kidogo, akauliza masaa mangapi, nikamwambia sasa hivi ni nafuu, ila waliokuwepo 2016 Ramadhani ilipoangukia Juni wanasimulia jua linazama karibu saa sita usiku na kuchomoza tena karibu saa tisa. Akatikisa kichwa, akachukua bakuli la supu iliyokuwa mbele yangu, akalifunika, akaliweka pembeni na karatasi yenye jina langu juu yake.