Bradley hakuwa mwanafunzi wa Oxford

Makala hii kuhusu Mchungaji Edward Bradley, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, inasema alichota vituko vya Verdant Green, kijana wa riwaya yake ya kuchekesha anayeanza masomo Oxford, kwenye miaka yake mwenyewe ya masomo huko. Hapana jamani, shahada yake aliipata Durham, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1848. Oxford alikaa takriban mwaka mmoja tu, tena bila kusajiliwa chuoni. Hata jina lake la kalamu, Cuthbert Bede, linaonyesha alikotoka kimasomo: ni watakatifu wawili waliozikwa katika kanisa kuu la Durham. Kwangu mimi hilo ndilo linalonifanya nimheshimu zaidi, maana aliiona Oxford kwa jicho la mgeni, jicho lisilozoea. Ndiyo maana yule kijana wake mshamba, na miwani yake mikubwa ambayo wenzake waliifananisha na taa za gari la farasi, anaamini kila anachoambiwa. Picha za kitabu hicho alizichora Bradley mwenyewe, na ukizitazama kwa makini, miwani ndiyo inayosema kabla ya uso. Jambo jingine makala ililolipita haraka ni uchungaji wake. Alipokuwa Stretton, kijiji cha Rutland, kanisa lilihitaji ukarabati, naye akazunguka miji ya katikati ya Uingereza akitoa mihadhara kuhusu ucheshi ili kuchangisha fedha. Alifariki mwaka 1889 akiwa anatumikia parokia nyingine, lakini alizikwa Stretton. Je, kuna aliyesoma vitabu vyake vingine zaidi ya hicho cha Oxford?