Foleni ya waifai: ipangwe na kidhibiti au iachiwe redio?

Saa mbili usiku mpangaji wa ghorofa ya tano huko Roysambu alinipigia: mkutano wake wa video unakatika kila dakika. Ploti hiyo ina faiba moja, ruta kuu chini, ruta tatu za waifai zinazotumia Open vSwitch (programu ya kuelekeza pakiti, yaani vipande vya data), na kidhibiti kimoja, yaani programu inayoziongoza zote kutoka sehemu moja. Foleni, yaani mistari ambamo pakiti husubiri zamu ya kutumwa, nilizipanga mimi. Kwenye wlan0, yaani redio ya waifai ndani ya ruta, video ilikuwa imetengewa megabiti 10 kwa sekunde, mengine yagawane kilichobaki. Kwenye skrini yangu kila kitu kilionekana shwari.

Wanaotaka foleni zipangwe kutoka sehemu moja wana hoja, na ndiyo iliyonivuta. Kubadilisha kanuni mara moja badala ya kupanda ngazi na laptopu ruta baada ya ruta si jambo dogo. OpenFlow, lugha ambayo kidhibiti hutumia kuziamuru ruta, nayo tangu toleo la 1.0 la mwaka 2009 inaweza kuelekeza pakiti kwenye foleni fulani. Haiiundi foleni yenyewe, lakini. Hiyo ni kazi ya OVSDB, hifadhi ya mipangilio ya Open vSwitch, au amri yake ya ovs-vsctl, na wengi wetu tumekesha tukisaka hitilafu kwenye kanuni ilhali foleni hata haipo.

Tatizo ni hewa. HTB, mpangilio wa foleni ambao Open vSwitch hutumia sana, hutaka uiambie kasi ya njia. Waya una jibu, waifai haina. Pakiti ya baiti 1,500 ni biti 12,000: ikienda kwa megabiti 54 inachukua hewa kwa takriban milisekunde 0.22, ikienda kwa megabiti 1 ni milisekunde 12. Simu moja ya zamani iliyo chumba cha mwisho, nyuma ya kuta tatu, hula muda wa pakiti hamsini na nne za jirani yake. Sasa nikiandika kikomo cha 30 na redio wakati huo inaweza 12 tu, foleni zangu hazijai kamwe. Pakiti zinapita moja kwa moja na kwenda kurundikana chini, ndani ya redio, ambako HTB haioni na upendeleo wangu hauna maana. Nikiandika 10 ili niwe salama, natupa hewa kila redio inapokuwa na nafasi ya 60.

Kwa hiyo upande wa pili unasema: usiguse wlan0. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo unaoendesha ruta, tangu kazi iliyochapishwa mwaka 2017, ina FQ-CoDel, mpangilio unaotenganisha foleni za watumiaji na kuzuia zisirundikane, ndani ya tabaka la waifai lenyewe, na kwa draiva zinazoikubali hugawa muda wa hewa kwa usawa, si idadi ya pakiti. Yule mwenye simu ya zamani anakula muda wake, hagusi wa wengine.

Nakubaliana nao, ila si kwa yote. Usawa haujui kwamba mmoja yuko kwenye usaili wa kazi na mwingine anashusha filamu. Hapo kidhibiti kina kazi: kutia alama ya DSCP, namba ya kipaumbele iliyo ndani ya pakiti, pakiti zinapoingia ploti, kisha redio izipange katika madaraja yake manne ya kipaumbele. Hata hapo kuna mtego. Alama 46, ambayo kwa desturi ni ya sauti, matoleo ya zamani ya Linux husoma biti tatu za kwanza tu, ikapata 5, na simu yako ikawekwa daraja la video. Kwenye matoleo hayo lazima ramani ya alama na madaraja irekebishwe kwenye hostapd, programu inayoendesha waifai ya ruta.

Nilichofanya Roysambu ni kufuta HTB kwenye wlan0 na kuihamishia ruta kuu: mlango wa faiba kwa yanayotoka, mlango wa waya unaoelekea ruta za waifai kwa yanayoingia, kikomo kikiwa chini kidogo ya kifurushi kilicholipiwa. Mchana inafanya kazi vizuri, kwa sababu kifurushi ndicho kinachobana. Usiku, majirani wote wakiwa kwenye 2.4 GHz yenye chaneli tatu tu zisizogongana, kinachobana ni hewa, na foleni ya waya haisaidii kitu. Mpangaji wangu nilimhamishia 5 GHz. Simu ya chumba cha mwisho haina bendi hiyo, kwa hiyo bado iko palepale.